Kimya cha Mjomba

Daktari wa koo alinipitisha kamera nyembamba puani, kisha akanionyesha kwenye skrini kitu nilichokitumia tangu nizaliwe na sikuwahi kukiona. Nilitarajia nyuzi, kwa kuwa ndivyo zinavyoitwa, nyuzi za sauti, nami ni mpiga gitaa. Hazikuwa nyuzi. Ilikuwa mikunjo miwili myeupe ya nyama, inakutana na kuachana kama midomo ya samaki aliyetolewa majini. Katikati ya kila mkunjo palikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya ulezi.

"Hizi ni sugu," alisema. "Kama sugu za mshika jembe, ila zako ziko kooni."

Nikamuuliza zinakujaje. Akasema kwa kupaza sauti bila mapumziko. Nikamuuliza kwa nini ziko mbili. Kwa sababu mikunjo inagongana, wa huku unauumiza wa kule. Nikamuuliza kama waadhini nao huzipata, na wapiga debe wa stendi, na kama jogoo naye ana mikunjo ya namna hii. Akavua glavu.

"Bwana, haya maswali ndiyo ninayokukataza."

Alinipa wiki sita za kutosema neno. Kunong'ona pia marufuku, maana kunong'ona kunaikausha mikunjo kuliko kusema. Baada ya hapo nirudi aangalie tena: sugu zikiwa zimesinyaa nitaimba, zisiposinyaa atazikata, na baada ya kisu hakuna anayeweza kuahidi ni sauti gani itabaki.

Niliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza. Kulikuwa na lori la kabichi linashuka Dar, juu ya mzigo pakawa na nafasi, nami nilitaka kujua kabichi zetu huwa zinaishia wapi. Zinaishia sokoni, zinaoza nusu. Lakini jirani na soko palikuwa na baa, na mchana bendi ilikuwa ikifanya mazoezi humo. Nikaanza kwa kufagia jukwaa na kukunja nyaya, nikaja kushika gitaa la rizimu pale mpigaji alipougua, na tangu hapo sijakaa mji mmoja hata miaka miwili. Tanga, Mombasa, Arusha, Lusaka, Lilongwe. Kwenye mahoteli niliimba soul, ule muziki wa Wamarekani weusi uliotoka kanisani ukiwa bado na machozi. Kwenye ziara nilipiga roki, gitaa limefunguliwa mpaka glasi za mezani zinatetemeka. Hakuna aliyenifundisha kuimba. Spika za kujisikilizia zilikuwa mbovu au hazikuwepo, ngoma ziko mgongoni, kwa hiyo nilipiga kelele ili nijisikie. Hivyo ndivyo zile punje za ulezi zilivyopandwa.

Na miaka yote hiyo niliimba nyimbo za watu. Ukianza wako, kuna mtu meza ya tatu atainua mkono: "Piga ile tunayoijua." Unapiga ile wanayoijua. Nimekuwa na nyimbo zangu mfukoni muda mrefu hadi nyingine nilishaanza kuzichukia. Safari hii kiongozi wa bendi yetu, mwanamke anayepiga besi na asiye na subira na mtu, aliziingiza nne kwenye ratiba ya ziara ya kusini. Nne, kwa jina langu, niimbe mwenyewe. Ziara ingeanza muda mfupi tu baada ya wiki zangu sita kwisha.

Basi nilitaka sauti ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikafikiri, nitakwenda wapi pasipo na kelele? Nikajijibu: nyumbani. Milimani. Mlola kuna ukungu, kuna mikaratusi, kuna mama. Nitakaa kimya na hakuna atakayenisumbua.

Ni mtu aliyekaa mbali muda mrefu tu anayeweza kufanya kosa la namna hiyo. Dar unaweza kupita watu elfu bila kufungua mdomo na hakuna atakayekununia. Kwetu hupiti mtu. Njia ni nyembamba, mmoja anapanda mwingine anashuka, na hata kama una mzigo wa karoti kichwani unasimama. Mkubwa anapewa shikamoo yake. Rika linasalimiwa kwa Kishambaa, onga mahundo asubuhi, onga mshi mchana, kisha nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, mbuzi je, maharage je, mvua ya kwenu je, na kila jibu linavutwa kwa "ee" ndefu kama mtu anayeshusha mzigo. Asiyesalimia ana mambo matatu tu: ana kiburi, ana kichaa, au amefanya jambo huko alikotoka.

Nilijitayarisha. Nilikata boksi, nikaandika kwa kalamu nene DAKTARI AMENIKATAZA KUSEMA, nikalivaa shingoni kwa kamba. Nilifika stendi ya Lushoto nikiwa na begi, gitaa na boksi kifuani. Mzee mmoja alilisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, kijana. Tangu lini?"

Akangoja jibu.

Mama alilipokea jambo hili vizuri kuliko nilivyopenda. Alisema tangu nikiwa mdogo ametaka kuzungumza na mimi bila kukatizwa na maswali, na sasa Mungu amempa. Akawa anaongea kuanzia anapowasha moto wa chai mpaka anapofunika makande, habari za watu wote waliokufa, waliooa na waliouza mashamba nisipokuwepo. Nilikuwa na maswali mia, na hakuna hata moja lililotoka. Nani alimuuzia? Kwa nini walihama? Niliandika swali kwenye simu nikamwonyesha. Akaisogeza mbali na uso wake, akaivuta karibu, akasema, "Miwani iko ndani," akaendelea.

Baba mkubwa ndiye aliyenitesa. Ni kaka wa marehemu baba, mkubwa wa ukoo, na nyumba yake iko juu ya yetu, kwa hiyo huwezi kwenda popote asikuone. Siku ya kwanza nilipanda kwake, nikainama sana, nikaweka mkono kifuani.

"Sijasikia," alisema.

Nikainama tena, nikamwonyesha boksi.

"Hilo boksi limetoka dukani. Mimi nangoja shikamoo ya mtoto wa ndugu yangu."

Mama akamweleza habari ya koo. Akasikiliza yote. "Mtu anaumwa mguu, anachechemea. Anaumwa koo, anasema kwa shida. Simkatazi kusema kwa shida." Akanitazama. "Hata bubu huitikia kwa uso. Wewe uso wako umekaa kama wa mtu anayedaiwa."

Sikuipeleka shikamoo yangu, naye hakuniitikia. Kila siku nilipita chini ya nyumba yake nikiinama, na kila siku aligeukia upande wa mbuzi wake.

Wiki ya tatu nilikuwa barazani na gitaa la kawaida, lile lisilo na umeme. Nilivaa kidoleni kipande cha shingo ya chupa, ambacho ukikitelezesha juu ya waya sauti inapanda na kushuka bila kukatika. Wanawake walikuwa wanapita kwenda sokoni. Kishambaa ni lugha inayopanda na kushuka. Ukilitamka neno kwa mwinuko usio wake, watu wanakukodolea macho. Sikuwa na nia ya kitu. Nilitaka tu kujua kama gitaa linaweza. Nikatelezesha chupa kwa umbo la onga mahundo, pale linapoinuka na pale linapoanguka.

Mmoja alisimama. "Nani kanisalimia?"

Nikarudia. Wakaitikia wote kwa pamoja, wakacheka mpaka mmoja akalazimika kushusha karoti zake chini. Wakauliza habari za nyumbani. Nikajibu ile "ee" ndefu kwa waya mmoja. Yule mwenye karoti akasema, "Gitaa hili limelelewa vizuri kuliko mwenyewe."

Kuanzia hapo sikupata amani. Watu walipita njia isiyokuwa yao ili wasalimiwe na gitaa. Walikuja na wageni. Walisimama mbele ya baraza ya mama, wakanyamaza, wakangoja. Nikimaliza kusalimia nilijaribu kuingiza wimbo wangu mmoja, taratibu, bila maneno, nione kama watakaa. Walisikiliza kidogo kwa adabu. Kisha mtu anasema, "Haya, sasa sema tena ile onga mshi." Nimezunguka nchi nne na gitaa, na jambo lililonipatia sifa nyumbani ni kupokea habari za mbuzi.

Lakini niliona kwamba huenda ndiyo dawa ya baba mkubwa. Shikamoo ni neno la Kiswahili, ila nalo lina mwendo wake. Nilipanda kwake, nikakaa kwenye jiwe, nikaitelezesha vizuri, kwa heshima, waya mnene wa chini. Alisikia. Niliona masikio yake yanasikia.

"Shikamoo inatoka kifuani mwa mtu," alisema. "Hicho kifua cha mti sikukizaa mimi."

Nikashuka.

Wiki ya tano dada yangu mkubwa akaja na habari kwamba posa ya binti yake inaletwa. Yule binti, mpwa wangu, ni mwalimu wa chekechea, mtu mpole anayecheka kwa pua. Mchumba alitoka Magoma, huko chini, familia ya wakulima na wafanyabiashara wa mpunga. Wote nyumbani walikuwa wanamjua, hapakuwa na mtu wa kupinga. Nikafurahi. Nikampa mpwa wangu mkono wa pongezi. Kisha nikamwona dada ananitazama shingoni, na nikakumbuka.

Kwetu baba wa binti anasema, wazee wanasema, lakini posa haijapokewa mpaka mjomba aseme. Binti mwenyewe akinyamaza, kimya chake ni ridhaa. Mjomba akinyamaza, kimya chake ni kukataa. Na posa iliyokataliwa na mjomba hairudi mlango uleule. Dada ana kaka mmoja tu.

Tulipanda kwa baba mkubwa, dada akiwa msemaji wangu. Nilikuwa nimemwandikia hoja zote kwenye simu naye akazisoma. Je, siwezi kumteua mtu aseme kwa niaba yangu?

"Anateua aliye mbali," alisema baba mkubwa. "Angekuwa Lusaka tungesema mjomba amepata habari na ameridhia. Lakini yupo. Anakula makande yetu."

Je, siwezi kuandika?

"Akiandika, nani atasikia?"

Dada akaanza kukasirika. "Baba, mtu akipoteza sauti yake kwa ajili ya neno moja itakuwaje?"

"Neno moja," alisema baba mkubwa. "Mimi naomba neno moja, na mnaniangalia kama nimeomba ng'ombe. Huko kwenye baa ameyatoa mangapi?"

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini daktari alikuwa amesema wiki sita, si tano na neno. Nilibakiwa na siku chache mno. Nilijilaza nikihesabu nyimbo zangu nne, nikijiambia kwamba mpwa wangu ana maisha yote ya kuolewa, mimi nina ziara moja. Asubuhi nilijiona mbaya kwa wazo hilo, lakini bado nilikuwa nalo.

Mpwa wangu hakunibembeleza. Alikuja akakaa nami, akachambua maharage. "Mjomba," alisema, "ukinyamaza sitakulaumu." Kisha akasema, kama anayezungumza na maharage, "Yeye anasema hatatafuta mwingine. Ila wazazi wake watamtafutia."

Ndipo nilipopata akili, au nilidhani ni akili. Baba mkubwa mwenyewe alikuwa ametoa njia: anayesemewa ni aliye mbali. Basi niwe mbali. Siku ya posa, alfajiri, nichukue gitaa nipande gari niende Lushoto mjini, nikae huko mpaka mambo yaishe. Mjomba hayupo, amepata habari, ameridhia. Nilimwonyesha dada maneno hayo kwenye simu. Akanikumbatia.

Kuondoka ni kitu ninachokijua. Kabla jua halijatoboa ukungu nilikuwa Lushoto, kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, chapati mbili na chai ya maziwa mbele yangu, nimeridhika kabisa. Kitu kimoja ambacho sikukifikiria ni kwamba atokaye Magoma kwa gari kuja Mlola hana njia nyingine ila kupanda Mombo, Soni, Lushoto. Na kwamba watu wa bonde hawajazoea kona zetu.

Gari lao lilisimama mbele ya hoteli. Akashushwa mzee mmoja ameshikwa mikono miwili, uso umekuwa wa kijivu. Walimkalisha kwenye benchi langu.

"Mletee ndimu," alisema mwingine kwa mwenye hoteli. "Huyu ni mshenga wetu. Ametapika tangu Mombo. Tukimfikisha hivi watasema tumeleta mgonjwa."

Nilianza kusogea taratibu na kikombe changu. Mshenga alifumbua macho. Akaona gitaa. Akaona boksi kifuani mwangu, ambalo kwa mazoea nilikuwa nimelivaa.

"Hebu," alisema. "Si ndiye mjomba?"

Kijana mchumba, aliyekuwa nao garini, alikuwa ameelezwa kila kitu na mpwa wangu: mjomba mwenye gitaa, mjomba mwenye boksi. Wakanizunguka kwa furaha. Wakanipa mikono. Walidhani familia imenituma kuja kuwapokea njiani.

"Mnaona heshima hiyo?" alisema mshenga, rangi ikimrudia. "Mjomba mwenyewe. Mgonjwa wa koo, kaamka na giza kutupokea. Nilikuwa nawaambia, watu wa juu wana adabu."

Nilitikisa kichwa kukataa. Nilionyesha kwa vidole kwamba mimi nabaki, ninyi nendeni. Wakaelewa kwamba nawapisha viti vya mbele. Wakasema haiwezekani. Nikawekwa mbele, kati ya dereva na mshenga, ambaye alinishika mkono kila kona mpaka Mlola.

Dada alikuwa mlangoni. Alipoona nani anashuka wa kwanza, alifumba macho.

Tuliketi kwenye mikeka. Baba mkubwa katikati, kofia yake ya sikukuu kichwani. Mpwa wangu nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Mshenga alisema maneno yake vizuri, mtu asingejua habari ya ndimu. Baba wa binti akaridhia. Wazee wakaridhia.

"Mjomba wa binti yupo?" aliuliza baba mkubwa, ingawa nilikuwa mbele yake kwa umbali wa mkono.

Watu wakanigeukia.

"Amelisikia neno?"

Nikatikisa kichwa: ndiyo.

"Analisemaje?"

Nikatikisa kichwa tena, kwa nguvu, nikatabasamu, nikaweka mikono miwili kifuani, nikawaelekezea wageni viganja. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuridhia kwa mwili kama nilivyoridhia mimi.

Mzee mmoja wa Magoma alikohoa. "Kichwa kinatikiswa hata na usingizi."

"Mjomba anaumwa," alisema mshenga, "nami nimekuwa shahidi wa adabu yake. Lakini tumepanda mlima mrefu. Tukirudi, tutaulizwa mjomba alisema nini. Tuseme alitikisa?"

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama baba mkubwa, nikamchukia. Nilimchukia daktari, na spika za kujisikilizia za hoteli zote, na lori la kabichi. Nyuma ya pazia alikuwa mpwa wangu, yule aliyesema hatanilaumu. Ningeweza kusimama nikatoka, nimezoea kutoka. Nikamwona mchumba, kijana wa watu, anatazama mkeka kana kwamba ameshaambiwa.

"Nimeridhia," nilisema.

Nisimulie jinsi ilivyotoka, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeisikia. Ilitoka safi. Chini, nzito, bila ule mkwaruzo niliokuwa nao miaka. Ilikuwa sauti yangu ya kabla ya Mombasa. Nilishtuka. Ilikuwa imepona, au karibu kupona, na ningenyamaza pale pale nadhani ingepona yote.

"Mjomba," alisema mtu wa Magoma aliyekaa karibu na mlango, "huku nyuma hatukusikia."

Nikarudia kwa sauti. Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia. Kisha mshenga akauliza kama mjomba ana nasaha kwa kijana, maana mjomba aliyefungua mdomo hafungi bila nasaha. Nikasema mawili matatu. Wakauliza ukoo wa upande wetu unaanzia wapi. Hilo wanaume hulijibu, nikajibu. Na sitadanganya kwamba nililazimishwa kila neno. Nilikuwa naisikiliza. Wiki tano sikuwa nimeisikia, na ilikuwa nzuri, na kila sentensi nilitaka kujua kama inayofuata nayo itatoka hivyo.

Chakula kilipokwisha, baba mkubwa alinyoosha mkono wake.

"Sasa umefungua," alisema. "Anza na zile za nyuma."

Nikampa shikamoo yake. Akaiitikia, "Marahaba, mwanangu, marahaba," macho yakamlowa, na kwa dakika hiyo sikumchukia. Lakini nyuma yake walikuwa wazee wa jirani, na shangazi, na wale wote ambao boksi langu lilikuwa limewapita njiani. Walijipanga. Kila mmoja alitaka shikamoo yake, na habari za nyumbani, na kwa nini sijaoa, na Lusaka kukoje. Adhana ya alasiri iliponikuta, nilisikia kooni kitu kama chembe ya mchanga. Nikameza. Ikabaki.

Daktari alitazama skrini muda mrefu.

"Ya kushoto imesinyaa vizuri," alisema. "Ya kulia imevimba upya. Ulisema?"

Nikamwonyesha kidole kimoja.

"Mara moja. Ya muda gani?"

Nikashusha kidole.

Akanipa wiki sita nyingine, akasema safari hii hata shetani akiniamkia nisimwitikie.

Kiongozi wa bendi alinipigia siku hiyohiyo. Tulikuwa na utaratibu wetu: yeye anaongea, mimi nagonga simu kwa kucha, moja ndiyo, mbili hapana.

"Umepona?"

Mbili.

Nilisikia anavuta pumzi puani. "Nilijua. Nilishaongea na kijana mmoja wa Arusha, mwimbaji. Usinune. Mabango yameshatoka, na zile nyimbo zako nne zimo. Ataimba yeye, wewe utapiga gitaa. Umeelewa?"

Sikugonga.

"Wewe bwana. Nyimbo zinaimbwa au haziimbwi? Ulikuwa unalia miaka yote hakuna anayetaka kuzisikia. Gonga."

Nikagonga moja.

Nilikaa naye kijana yule mazoezini, nikamwelekeza kwa gitaa na kwa maandishi, pale pa kuvuta pumzi, pale pa kuacha neno lianguke. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mbovu. Ni mwimbaji mzuri. Anaimba kwa tumbo, hapigi kelele, mtu alimfundisha. Mwezi wote nilitafuta kosa lake ili niwe na kitu cha kukasirikia, nikapata tu kwamba anachelewa kula.

Harusi ya mpwa wangu ilifanyika tukiwa barabarani. Alinipigia kutoka Magoma, kelele nyingi nyuma yake, akaniita mjomba, mjomba, unanisikia? Nikagonga. Hakuwa anaujua utaratibu wetu. Akasema mtandao mbaya, akakata.

Usiku wa pili wa Lilongwe ukumbi ulijaa. Tulipoanza wimbo wangu wa tatu, watu wa mbele walikuwa wameshakariri kiitikio kutokana na onyesho la jana, wakakiimba. Kijana aliwanyooshea kipaza sauti, nao wakaimba zaidi. Hakuna aliyeomba ile wanayoijua. Nilikuwa upande wa kushoto, karibu na spika. Mwanzoni mwa ziara fundi mitambo alikuwa ameniwekea kipaza sauti, kiongozi akamwambia akiondoe nisije nikajisahau. Kwa kuwa pale pamebaki wazi na ukumbi una joto, akaweka feni. Ilikuwa inanipulizia usoni moja kwa moja, na mimi nilikuwa nimefunga mdomo, nikipiga.